Nani Abebe Hasara ya Kujaribu? Mhadhara Kuhusu Kilimo cha Chwele na Mvua Zisizoaminika

Kila mwaka inapofika katikati ya Machi, familia za Kabuchai, Sirisia na Kimilili, hapa Kaunti ya Bungoma, hukabiliwa na swali lile lile. Matone ya kwanza yamedondoka, udongo umelowa kidogo, jirani ameanza kupanda. Je, mvua hii ni ya kukaa au ni ya kudanganya? Ekari moja ya mahindi hutaka kilo 10 za mbegu ya dukani, gunia la kilo 50 la mbolea ya kupandia, na ng'ombe au trekta ya kulima mara mbili. Ukipanda leo na mvua ikakatika kwa wiki mbili, mbegu huota kisha huungua, nawe unarudi kwa agroveti kununua nyingine, mara hii kwa deni. Ukingoja hadi upate hakika, unapoteza siku ambazo mahindi ya muda mrefu hayawezi kuzifidia, na nitrojeni inayofunguka udongoni kwa mvua za kwanza husombwa kabla mzizi haujaifikia. Hakuna uamuzi usio na gharama hapo. Hoja ninayoleta mbele yenu leo inaanzia kwenye hesabu hiyo: kinachokwamisha wakulima wetu kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi si uhaba wa maarifa. Ni kwamba hakuna aliyekubali kulipa pale jaribio linapokwenda kombo, kwa hiyo hasara yote huangukia nyumba moja.

Nasema hivyo nikijua kwamba maelezo yanayopendwa maofisini ni mengine. Husemwa kwamba mkulima mdogo ni mkaidi, ameng'ang'ania mahindi, haji kwenye mafunzo, na akija anaondoka na soda na sahihi tu. Historia ya eneo hili haiungi mkono maelezo hayo. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na mwaka 1964 watafiti wa Kitale wakatoa H611, chotara iliyopatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na aina iliyotoka Ecuador. Miaka michache baadaye mtafiti John Gerhart alipima jinsi mbegu hizo zilivyoenea magharibi mwa Kenya, na katika ripoti yake ya 1975 alionyesha kwamba wakulima wa huku walizipokea kwa kasi isiyopungua ile ya wakulima wa mahindi wa Marekani katika miaka ya 1930 na 1940. Wengi wao walikuwa na ekari chache, elimu ndogo ya darasani, na hawakuwa na mkopo wowote. Watu wanaoweza kubadilisha mbegu ya chakula chao kikuu ndani ya muongo mmoja hawawezi kuitwa wakaidi bila maelezo zaidi. Inabidi tuulize wakati ule ulikuwa na nini ambacho wakati huu hauna.

Jibu moja ni kwamba mvua ilitabirika zaidi. Jibu la pili, ambalo halitajwi sana, ni kwamba kulikuwa na mnunuzi. Bodi ya mahindi ya serikali ilitangaza bei kabla ya msimu, na hata kama ilichelewesha malipo, mkulima alijua gunia lake lina thamani gani. Tukirudi nyuma zaidi tunakuta ushahidi ulio wazi kuliko huo. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuongeza uzalishaji wa mazao, na ndani yake ikaweka mpango uliohakikishia wenye mashamba makubwa mapato ya chini kwa kila ekari. Mlowezi wa Trans Nzoia aliyepanda kwa kufuata mpango ule alipata mkopo wa msimu, na mvua ikimwangusha, serikali ilifidia. Mpango huo ulidumu hadi baada ya uhuru, ukiwahudumia wenye mashamba makubwa. Kwa hiyo, tunaposikia kwamba kilimo cha Kitale kilijengwa na moyo wa kuthubutu, tukumbuke kwamba uthubutu ule ulikuwa na mdhamini. Mkulima wa Kabuchai, aliyelima upande wa pili wa mpaka wa wilaya, alithubutu bila mdhamini yeyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 biashara ya mahindi ilipoachiwa huria, hata ile bei ya kutangazwa ikapoteza nguvu. Mvua zikaanza kuyumba wakati ambapo kila mto wa kuegemea ulikuwa umeondolewa.

Sasa tazameni kile ambacho mkulima anaombwa ajaribu leo. Mifano ni mingi. Nitachukua miwili iliyofanyiwa kazi huku magharibi. Wa kwanza ni upandaji wa MBILI, uliobuniwa Bungoma na shirika la SACRED Africa. Badala ya mistari ya mahindi iliyoachana sentimita 75 huku maharagwe yakibanwa katikati kwenye kivuli, mistari miwili ya mahindi husogezwa hadi sentimita 50, kisha huachwa nafasi ya mita moja, na ndani yake hupandwa mistari miwili ya mikunde, maharagwe, njugu au soya. Idadi ya mahindi kwa ekari haipungui. Kinachobadilika ni mwanga: mikunde inaliona jua, inazaa, na inarudisha nitrojeni udongoni. Wa pili ni sukuma-vuta, mbinu ya kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE ambayo majaribio yake ya mashambani yalianza mwaka 1997 katika Trans Nzoia na Suba. Desmodiamu hupandwa kati ya mistari ili kufukuza funza wa mabua na kuzuia kiduha, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi. Matete au brakiaria huzungushwa pembeni ili kuvuta wadudu nje. Viwavijeshi vamizi vilipoingia magharibi mwa Kenya mwaka 2017, watafiti walipima mashamba yaliyotumia aina ya sukuma-vuta inayostahimili ukame wakakuta idadi ya viwavi kwa kila mmea imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Mtu hawezi kusema mbinu hizi hazifanyi kazi.

Mbona basi ukitoka hapa ukapita njia ya Chebukaka bado utaona mashamba mengi ya mahindi matupu, au mahindi na maharagwe yaliyotupwa shimo moja? Angalieni masharti ya sukuma-vuta kwa karibu. Mbegu ya desmodiamu ni ndogo kama vumbi, huota polepole, na msimu wa kwanza inataka palizi ya mkono ili isichanganywe na magugu. Faida yake huja msimu wa pili na wa tatu, kwa kuwa mmea hukaa ardhini miaka kadhaa. Sasa mweke hapo kijana anayekodi ekari moja kwa msimu mmoja, ambaye mwakani huenda mwenye shamba akampa mtu mwingine. Mweke mama anayelima ardhi iliyosajiliwa kwa jina la baba mkwe. Anayepalilia desmodiamu mwaka huu si lazima awe ndiye atakayevuna faida yake, na anajua. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,670,570 katika Kaunti ya Bungoma, zaidi ya watu 550 kwa kila kilomita ya mraba, na wengi wao wanaishi kwa kilimo. Ardhi ikigawanywa hivyo, kukodi kunakuwa jambo la kawaida, na ushauri wowote unaolipa baada ya miaka mitatu unakuwa ushauri kwa wenye hatimiliki. Afisa wa kilimo anapoandika kwamba mkulima "amekataa teknolojia", mara nyingi anaelezea mkataba wa kukodi bila kuutaja.

Kuna watakaosema kwamba fedha za tabianchi zimekuja kuziba pengo hili, na watataja Mradi wa Kaboni ya Kilimo Kenya. Ni mradi wenye heshima na unastahili kuzungumzwa kwa haki. Shirika la Vi Agroforestry kutoka Sweden, lililofanya kazi Kitale kwa miaka mingi, lilishirikiana na mfuko wa kaboni wa Benki ya Dunia kuwafundisha wakulima wa Bungoma, Kisumu na Siaya kupanda miti shambani, kufunika udongo na kutengeneza mboji. Mwanzoni mwa 2014 ukapata hati za tani 24,788 za hewa ukaa, zilizotangazwa kuwa za kwanza duniani kutokana na kaboni ya udongo wa mashamba. Lakini wakosoaji walipiga hesabu mapema: mapato yaliyotarajiwa, baada ya kutoa gharama za kupima na kuthibitisha, yakigawanywa kwa wakulima 60,000 kwa miaka 20, kila mmoja angebaki na dola moja na ushei kwa mwaka. Watetezi walijibu kwamba faida halisi ilikuwa mavuno bora na wala si hundi, nami nakubaliana nao. Lakini ukikubali hivyo umekubali pia jambo la pili: kwamba mradi ulilipia tani zilizofungwa udongoni, haukulipia msimu ulioanguka. Mti unaopandwa leo unamfaa mnunuzi wa hati za kaboni hata kama mahindi yaliyo chini yake yamenyauka. Mkulima na mfadhili walikuwa wanapima vitu viwili tofauti, na mkataba uliandikwa kwa kipimo cha mmoja.

Hapa pana kishawishi cha kukimbilia neno "jamii". Husemwa: acha wafadhili, vikundi vyenyewe vitabebana, kwani ndivyo tulivyoishi. Ni kweli kwa mambo mengi. Chama cha kina mama huzika, huuguza, hulipa karo. Shirika la One Acre Fund, lililoanza Bungoma mwaka 2006 na familia zisizofika 50, lilijenga mfumo wake wote juu ya vikundi vinavyodhaminiana: mbegu na mbolea kwa mkopo, malipo kidogo kidogo, na kila mmoja anamjibia mwenzake. Lakini msiba na ugonjwa huja nyumba moja baada ya nyingine. Ukame wa Aprili hubisha milango yote usiku mmoja. Wanachama 15 wa kikundi kimoja katika kijiji kimoja wana udongo mmoja na wingu moja. Mvua ikikatika, aliyetakiwa kumsaidia jirani ndiye anayehitaji msaada, na udhamini unaogeuka kuwa mnyororo wa madeni huvunja hata urafiki uliokuwapo. One Acre Fund yenyewe iliongeza bima ya mazao kwenye mikopo yake. Sisemi haya kudharau vyama vyetu. Nasema kikundi cha kijiji ni chombo kidogo kuliko mvua, na kukibebesha mzigo huu ni kukivunja.

Chombo kikubwa kuliko kijiji tunacho, nacho kimejengwa bila fedha za tabianchi: ni hili soko letu la Chwele. Kaunti hii hupanda kutoka mita 1,200 hivi kule bondeni hadi miteremko ya juu ya Mlima Elgon, na Chwele imekaa pale mteremko unapoanza kutulia. Viazi, vitunguu na kabichi hushuka kutoka Kapsokwony na Kaptama. Ndizi, mahindi na maharagwe ni ya hapa katikati. Muhogo, mtama na samaki hupanda kutoka upande wa Malakisi na Busia. Mvua inayochelewa bondeni si lazima ichelewe mlimani, na baridi inayodumaza mahindi ya juu haifiki huku. Mama anayeuza mrenda, saga na mitoo kwa mafungu, kuku wawili leo na gorogoro la maharagwe wiki ijayo, hajaweka msimu wake wote ndani ya gunia moja la Septemba. Mboga nyingi za kienyeji huanza kuvunwa ndani ya wiki chache; zikifa, umepoteza wiki hizo. Mahindi aina ya H614 hukaa shambani miezi sita na zaidi. Yakifa katikati ya muda huo, umepoteza mwaka. Kwa lugha ya hesabu, yule mama amegawa kosa lake vipande vidogo anavyoweza kuvilipa. Huo ndio ustahimilivu wenye ushahidi mkubwa zaidi katika eneo hili, na ndio usioonekana kwenye takwimu za magunia.

Najua pingamizi linalofuata, na ni zito. Trans Nzoia na Bungoma ni ghala la taifa. Ikiwa kila mtu atageukia mboga na kuku, Nairobi itakula nini? Kwanza, hakuna anayependekeza mahindi yaachwe. Aina zinazokomaa kwa miezi minne au mitano, kama H513 kwa maeneo ya mwinuko wetu, hutoa magunia machache kuliko H614 katika mwaka mzuri, lakini huachia ardhi mapema ili mvua za mwisho wa mwaka zilee maharagwe au mboga. Pili, kumtaka mkulima wa ekari moja na nusu abebe hatari yote ya kulisha taifa, kwa bei asiyoipanga, ni kumtoza kodi isiyo na jina. Taifa likitaka mahindi ya muda mrefu kutoka hapa, lina haki ya kuyataka. Lakini na lilipe bima ya muda huo mrefu, kama serikali ya kikoloni ilivyomlipia mlowezi kuanzia mwaka 1942.

Wengine watasema nimeilaumu mvua kwa kosa la udongo. Udongo wetu umechoka na una tindikali. Miaka mingi ya mbolea ya DAP bila chokaa imeuongezea uchachu, na mzizi uliodumaa kwa tindikali hauwezi kufuata maji chini. Pingamizi hili nalikubali karibu lote. Siku 14 za jua katika shamba lenye mboji na chokaa ni usumbufu. Katika shamba lililochoka ni mazishi. Ila tuangalie lilivyo jibu la serikali. Tangu Septemba 2022 ruzuku imeshusha bei ya mbolea hadi Sh3,500 kwa gunia, kisha Sh2,500 mwaka uliofuata. Ni nafuu kubwa, hata baada ya aibu ya mbolea bandia ya 2024. Lakini ruzuku hupunguza bei ya kuingia kwenye kamari. Haigusi hasara ya kushindwa. Mbolea nafuu iliyooshwa na mvua ya mafuriko imepotea vile vile.

Bima ilijaribiwa, tena kwetu. Mpango wa bima ya kilimo wa serikali ulipozinduliwa Machi 2016, Bungoma ilikuwa miongoni mwa kaunti tatu za kwanza, pamoja na Embu na Nakuru. Ulifanya kazi kwa wastani wa eneo: kaunti hugawanywa katika maeneo, mavuno hupimwa kwa sampuli, na wastani ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, wote waliojiandikisha katika eneo hilo hulipwa. Ubunifu huu unajibu pingamizi la kale kwamba ukimfidia mkulima atalala. Ule mpango wa 1942 ulikuwa na udhaifu huo kweli, na mikopo mingi ya wakubwa haikurudi. Hapa uzembe haulipi, kwa kuwa wastani wa majirani ndio unaohesabiwa. Aliyelala huona majirani wamevuna na yeye hapati kitu. Tatizo la mpango huu liko kwingine. Eneo la bima likichorwa kwa mipaka ya utawala badala ya mwinuko, mavuno mazuri ya mteremko wa juu hufunika njaa ya bondeni, na aliyeunguliwa hupimwa kwa wastani wa watu ambao hawakuunguliwa. Mtu akikosa fidia hivyo mara moja, harudi, nami simlaumu. Kurekebisha mistari ya ramani si kazi ya miujiza.

Utabiri nao una nafasi yake. Idara ya Hali ya Hewa ina mkurugenzi katika kila kaunti, na kule Bunyore watabiri wa ukoo wa Nganyi wamekaa meza moja na wanasayansi wa idara hiyo kulinganisha dalili za miti na wadudu na zile za setilaiti kabla ya kila msimu. Ni kazi nzuri. Lakini utabiri unaosema mvua zitachelewa una faida kwa mtu mwenye mbegu za aina mbili ghalani. Kwa mwenye pakiti moja aliyoinunua kwa mkopo mwezi wa pili, ni habari ya kusikitisha tu. Ndiyo maana suala la mbegu za kienyeji si la makumbusho. Sheria ya mbegu ilivyorekebishwa mwaka 2012 ilimtishia mkulima kifungo au faini ya hadi Sh1,000,000 kwa kuuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa. Wakulima wadogo wakaenda Mahakama Kuu ya Machakos, na Novemba 2025 mahakama ikatangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba. Wimbi, mtama na maharagwe yaliyohifadhiwa kwenye chungu cha majivu ni akiba ya kurudia kupanda bila kwenda dukani. Kwa miaka 13 sheria ilihesabu kuiuza au kubadilishana akiba hiyo kuwa kosa la jinai.

Nimalizie na jambo ambalo kamati za tabianchi za wadi zinaweza kulijadili. Mpango wa FLLoCA, ulioanza mwaka 2021 kupitia Hazina ya Taifa kwa fedha za Benki ya Dunia na wengine, umezitaka kaunti ziwe na mfuko wa tabianchi na kamati hizo ngazi ya chini. Ni rahisi kamati ikaomba tangi na miche, kwa sababu tangi hupigwa picha. Napendekeza iombe mbegu ya kurudia kupanda. Tuchukulie wadi yenye ekari 4,000 za mahindi, na kwamba katika mwaka mbaya nusu yake huunguzwa na mvua ya kudanganya. Kwa kilo 10 kwa ekari, zinahitajika tani 20 za mbegu ya muda mfupi, zikae Kitale au Bungoma hadi katikati ya Mei, na ziachiliwe pale vipimo vya mvua vya mwinuko husika vikionyesha idadi ya siku kavu iliyokubaliwa. Agroveti hawezi kuziweka, kwa kuwa mwaka mzuri zingemdodea. Kaunti inaweza, kwa kulipa ada ya kuhifadhi tu. Mbegu isipohitajika, kampuni inaiuza kwa wanaopanda msimu wa pili. Orodha ya wanufaika ihesabu aliyelima, awe na hatimiliki au amekodi. Kinachobaki kujadiliwa ni siku kavu ngapi, vipimo vingapi, na ada kiasi gani, na hayo yanahitaji kuingia kwenye makadirio ya bajeti ya Juni ikiwa yatamfaa mtu atakayepanda Machi.